Kibarua wa Mama Nasinkoi

Tarehe 30 Juni 2025, Bwana Ernesti Shemweta, fundi mkuu wa karakana yetu ya useremala mjini Korogwe, anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi.

Alizaliwa Vugiri, milimani, akaajiriwa mwaka 1992 kuwa msaidizi wa fundi. Enzi hizo karakana ilikuwa banda tu, mbao zilipasuliwa kwa msumeno wa mkono, na harufu ya mvule ilitufuata hadi nyumbani. Mlango ukikwaruza sakafu kidogo, Ernesti aliurudisha mezani. Bwana Mwinjuma wa stoo alikuwa akitania kwamba siku Ernesti atakapofika peponi, ataomba kwanza akague bawaba za lango. Ernesti akamjibu kwamba hataomba, atakagua tu.

Mwezi Aprili mwaka 2018 dhoruba iliezua nyumba nyingi ng'ambo ya Mto Pangani, upande wa Handeni. Ernesti alichukua likizo yake ya mwaka, akapata wenzake tisa wa kujitolea na lori la kuazima. Katika wiki mbili waliezeka upya nyumba kumi na saba.

Ya kumi na nane ilikuwa katika boma la mfugaji, Mzee Leboo. Nyumba ilikuwa imelala chini. Mkwewe, Simaloi, alikuwa amejibanza katika kibanda cha ndama pamoja na mtoto wa siku nne, na mawingu yalikuwa yanarudi. Ernesti alimwamkia mzee, akapewa ruhusa, akasimamisha nguzo ya kwanza.

Alikosea. Kwa Wamasai nyumba ni ya mama, na mama ndiye anayeijenga. Mama Nasinkoi, mke wa mzee, alirudi kutoka kukata fito, akaing'oa nguzo ile mbele ya watu wote. Akauliza ni nani huyu anayemjengea bila kumwuliza, na kama huko kwao milimani wanawake wamekwisha.

Mafundi waliangua kicheko. Fundi mkuu, ambaye sote tulimwogopa, alisimama na timazi mkononi. Likizo ilikuwa imebaki siku mbili, na lori lilikuwa tayari. Angeweza kuondoka. Badala yake alivua kofia, akatoa shikamoo, akaomba awe kibarua wake.

Akapewa kazi ya kukanyaga udongo na samadi. Alikanyaga siku mbili, akakata fito kwa kipimo cha mkono wa mama yule, na mara tatu aliambiwa kwamba ni mzembe. Udongo wa paa ulikuwa bado mbichi mvua ilipokaribia, ndipo mama akakubali turubai la lori litandazwe juu. Simaloi na mwanawe walilala pakavu. Mafundi wetu walirudi Korogwe wameloa chapachapa, wakiimba.

Tangu hapo kikundi kimetengeneza nyumba mia moja na tatu, na hakijashusha hata msumari mmoja kabla ya Ernesti kuuliza mwenye nyumba ni nani.

Bwana Ernesti, ahsante kwa kutufundisha kazi, na kwa kutuonyesha namna ya kuomba radhi. Tutaikumbuka sauti ya randa yako asubuhi. Tunakuombea afya na siku nyingi za furaha. Kuhusu mapumziko hatuwezi kuahidi: Mama Nasinkoi ametuma salamu kwamba kuta zake zinahitaji kukandikwa kabla ya vuli, na amesikia kwamba kibarua wake sasa ana nafasi.