Nyama Kwenye Friza ya Daktari Rifat

Wasikilizaji wapendwa, Mwenyezi Mungu awape afya na subira katika joto hili la Multan. Leo tunamkumbuka Daktari Rifat Jabeen. Ametutoka Ijumaa iliyopita. Moyo ulisimama, akiwa anachambua dengu.

Rifat Jabeen alikuwa mtunza vimeng'enya katika maabara ya vipimo hapa mjini. Vimeng'enya hivyo ndivyo vilivyompimia mjamzito, ijulikane kama mtoto tumboni ana ule ugonjwa wa damu wa kurithi, unaomfanya mtu aongezewe damu maisha yote. Alivitengeneza mwenyewe. Akavichanganya na glisarini visigande, akavigawa kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha kutumika mara moja. Ni vitu vya baridi kali, wasikilizaji. Vikipata joto, vinakufa. Ukivirudisha kwenye baridi, havifufuki.

"Alivilea kuliko alivyonilea mimi," anasema mdogo wake, Nusrat, na anacheka huku analia.

Ikaja Idi ya kuchinja. Umeme wa mgao, mji mzima nyama inaharibika. Jenereta ipo wapi? Maabara, kwa ajili ya friza ya vimeng'enya. Mkurugenzi wa maabara akaleta mapaja ya fahali, yangali na joto la mwili. Wafanyakazi nao wakaleta yao.

Rifat akasimama mbele ya friza. "Mkurugenzi sahib, humu hamna nafasi ya nyama."

"Daktari, nyama ya kurbani ni baraka. Itadhuru nini?"

"Itadhuru vipimo. Wajawazito wanakuja baada ya Idi."

"Basi na wewe lete kapaja kako, uache wivu!"

Watu wakacheka. Akaambiwa aende nyumbani akasherehekee. Sikukuu nzima mlango wa friza ulifunguliwa na kufungwa, baridi ikatoka. Huyu maini, yule mbavu.

Idi ikaisha, wajawazito wakaja. Rifat akapima, kipimo hakikuonyesha kitu. Akarudia. Hakuna kitu. Mkurugenzi akamwambia, "Si ndiyo vizuri? Waandikie watoto ni wazima."

Akakataa. Alitoka kwenye baraza akawaambia wale akina mama, "Dada zangu, vimeng'enya vimekufa. Sijui hali ya watoto wenu, na sitawadanganya. Nendeni Lahore mkapimwe upesi."

Wenye nauli walikwenda. Wengine walirudi nyumbani kungoja.

Ikasemwa ni uzembe wa Rifat. Ni Rifat aliyeharibu. Akafukuzwa. Wenzake walijua, wakanyamaza, kwani nyama yao pia ilikuwamo. Tangu hapo hakuna maabara iliyompokea. Akafundisha watoto hesabu sebuleni mpaka alipokufa.

Mkurugenzi alikuja msibani. Akamsifu marehemu kwa maneno matamu. Mama yake Rifat, Bibi Sughra, akamwuliza mbele ya watu, "Mwanangu, nani alitia nyama kwenye friza?"

"Ah, mama, hayo yamepita. Tumwombee tu."

Akanywa chai yake, akaondoka.

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Bibi Sughra. Tunampa pole Nusrat. Mwenyezi Mungu amlaze Rifat mahali pema. Na wewe uliyekuwa maabara Idi ile, najua unanisikia. Nyama uliila, ukashiba, ukasali. Daktari hahitaji tena kazi. Lakini mama yake yuko hai, na majirani bado wanamwita mama wa yule aliyeua vipimo. Nenda ukamwambie ukweli. Nenda leo, wakati majirani bado wamekaa matangani.