Mpaka Uliopinda Kaburini

RECHO: Haloo? Nani mwenzangu?

PHILOMENA: Mimi mama yako. Simu ya jirani Immakulata hii, vocha imebaki kidogo.

RECHO: Mwakeye, mama! Mbona unanong'ona?

PHILOMENA: Salamu baadaye. Nimejibanza nyuma ya jiko. Baba yako mdogo Pasikali yumo kwenye migomba.

RECHO: Migomba ipi?

PHILOMENA: Ya kaburini kwa baba yako! Anazunguka na bwana shamba Brighton, na kile kidude cha— [mkwaruzo]

RECHO: Cha nini? Mama?

PHILOMENA: Cha kupimia! Unatembea mpakani, setilaiti inachora shamba. Si wewe huko Kasulu uliyeniambia niandikishe shamba, nitatumiwa meseji za mvua, na mbolea kwa kipimo?

RECHO: Na zinakuja. Mahindi si yamestawi?

PHILOMENA: Yamestawi. Ila siku ile ya kupima—

RECHO: Ulitembea mpaka wote?

PHILOMENA: Subiri, nichungulie wamefika wapi.

RECHO: Mama.

PHILOMENA: Mjane havuki kaburi la mumewe, Recho. Nilipoifikia migomba nikapinda. Nikaiacha yote nje.

RECHO: Yesu wangu! Kwa hiyo kwenye ramani yao haina mwenyewe.

PHILOMENA: Na Pasikali kalijua hilo. Anamwambia Brighton ni yake. Ana panga, na anacheka.

RECHO: Si umwambie Brighton—

PHILOMENA: Nani atanisikiliza? Mwaka ule wa operesheni ya kuhamishia watu vijijini walikuja na kamba za kupimia. Bibi yako akasema hapa ni kwetu, wakamrusha kwenye lori kama gunia. Leo hata kamba hawana!

RECHO: Sikiliza. Brighton mtu wa kuja, mila zetu atazijulia wapi? Kidude chake kinafuata miguu tu. Nenda katembee.

PHILOMENA: Juu ya kaburi?

RECHO: Juu ya kaburi. Kabla Pasikali hajafunga mzunguko.

PHILOMENA: Atanikata, mwanangu.

RECHO: Pigeni yowe, majirani watoke. Immakulata yupo?

PHILOMENA: Yupo. Anatetemeka kunishinda.

RECHO: Basi mtetemeke mkitembea!

PHILOMENA: Ndala nivue?

RECHO: Vua, mama.

PHILOMENA: Baba Recho, unisamehe. Nakuja kukukanyaga— uwii! Ameniona.

RECHO: Usikate simu!

PHILOMENA: Brighton! Wee Brighton! Lete kidude chako huku, mwenye shamba ni m—

RECHO: Mama? [simu inakatika] Haloo? Umevuka? Mama, umevuka?