Dada Yetu Adero, Mkutubi Aliyeomba Kufundishwa Tena

Ndugu, majirani na marafiki, mimi ni Obura, mdogo wake marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake.

Dada yetu Concy Adero alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, Ugenya, Kenya, akasoma huko hadi kidato cha nne, kisha akaja Kampala mwaka 1988, akasomea ukutubi, na mwaka 1993 akaajiriwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Lubigi. Mwaka uliofuata alifunga ndoa na shemeji yetu Khaemba, muuza vipuri wa Nateete, wakajenga Kasubi na kujaliwa watoto wawili, Moreen na Bonny.

Mwaka 2017 alimwelekeza mwanafunzi mmoja wa uzamili, Heritier, kwenye majarida mawili ya mtandaoni, kumbe yalikuwa ya uongo, yanachapa chochote kwa anayelipa, naye akayanukuu katika tasnifu yake, na jopo la watahini likataka kijana afukuzwe kwa udanganyifu. Dada aliingia mbele ya jopo bila kuitwa, akasema, "Huyu hakudanganya, mimi ndiye niliyempeleka huko, na sikujua, maana mara ya mwisho kufundishwa kazi hii ilikuwa 1998." Jioni alimpigia simu mumewe akilia hata asiweze kusema, Khaemba akadhani kuna aliyefariki, mpaka aliposema, "Baba Moreen, wamemwachia! Ataandika upya." Heritier alifaulu, na leo yuko nasi hapa.

Tangu hapo hakutulia. Mkuu wake alimwambia mafunzo ni ya waajiriwa wapya, naye akajibu, "Kazi inabadilika kila mwaka, sisi je?" akajilipia kozi wakati wa likizo, akirudi anawafundisha wenzake, na kila mkutano akiomba jambo lilelile, hata wengine wakamchoka, nami nilikuwa mmoja wao. Mwaka jana chuo kilikubali, kila mkutubi afundishwe kila mwaka. Wakati huo kansa ya matiti ilikuwa imeshampata, lakini darasa la kwanza alikwenda, kitambaa kichwani, akaketi mbele.

Miezi ya mwisho ilikuwa ya maumivu makali, tukawa tunaogopa kila usiku, lakini wauguzi waliokuja nyumbani walimtuliza, na Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, alilala mchana bila kukunja uso, hakuamka tena. Tunalia, ndiyo, ila tumeshusha pumzi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Kasubi waliotupikia, na wenzake wa maktaba, ambao walitaka mafunzo ya Alhamisi yaahirishwe kwa ajili ya msiba huu. Jamani, nendeni. Angekuwa hai angewafukuza hapa yeye mwenyewe.

Dada, umeumwa vya kutosha. Lala salama.