Bibi Kipumuo na Zile Alama Nne

Ndugu, jamaa na majirani, familia imenituma niwasomee maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Kipumuo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya pili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona nguo, akaanza shule mwaka 1958, akamaliza sekondari mwaka 1969, na tarehe 1 Juni 1970 akaajiriwa kuwa msomaji wa prufu katika kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule, kazi aliyoifanya miaka thelathini na sita, penseli nyekundu sikioni.

Huko ndiko alikokutana na marehemu baba yetu, fundi mitambo wa ghorofa ya chini, aliyepanda ngazi kwa hasira kuuliza nani kasimamisha mashine, akajibiwa na mama kwamba kuna kipumuo kimesahaulika ukurasa wa kumi na mbili, akavuta kiti akasubiri, na tarehe 9 Septemba 1975 wakafunga ndoa, wakajaliwa watoto watatu.

Wenzake walisema mkato, wengine koma, yeye alishikilia kipumuo, akieleza kwamba pumzi, kipumuo na kupumzika ni ndugu wa tumbo moja, na asiyejua pa kuvuta pumzi hajaelewa alichosoma.

Mwaka 1994 kitinda mimba wake alimletea kazi ya nyumbani, shairi la beti tano, swali likiwa nafsineni ni nani, yaani nani anayesema ndani ya shairi, na mama, sufuria ikimfurikia jikoni, akajibu bila kulisoma shairi hadi mwisho kwamba ni mama anayembembeleza mwanawe, kumbe ubeti wa mwisho ulionyesha ni mtoto anayemwigiza mama yake, alama nne zikapotea. Kesho yake alivaa viatu vya kazini, akaenda shuleni kumwambia mwalimu kuwa kosa ni lake, akasikilizwa kwa heshima, alama hazikurudi.

Tangu hapo hakumpa mwanafunzi yeyote jibu, na alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, watoto wa mtaa waliojipanga kwenye meza yake ya dirishani kila saa kumi jioni, na maswali yao ya ngeli, viambishi na tamathali za usemi, walipewa kiti, maji ya kunywa na maneno mawili, soma tena, wakamwita mchoyo wa majibu, na hao, ambao sasa nao ni wachoyo wa majibu kwa watoto wao, leo wamejaa hapa.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2021, akalazwa tarehe 2 Februari 2024, na siku moja mchana, akipumua kwa shida, alimuuliza kitinda mimba wake, ambaye sasa ni mwalimu wa fasihi, kama amemsamehe zile alama nne. Binti akajibu kwamba amelifundisha shairi lile miaka kumi na minane, na siku hizi anaona hata jibu la mama linakubalika.

"Usinipe alama za bure, mwanangu," alisema mama. "Soma tena."

Binti akalisoma bila kitabu, mama akiinua kidole penye kila kipumuo, na alipofika ubeti wa tano sauti yake ilikuwa ya mama kabisa, wala hapakuwa na wa kusema nani anamwigiza nani, mama akatabasamu, akanyoosha vidole vinne.

Alifariki tarehe 19 Februari, saa nne asubuhi, ameacha watoto watatu na wajukuu saba.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu, majirani waliotupikia bila kuombwa, wenzake wa kiwandani, na wanafunzi wake wote.

Mama, hapa ndipo pa kuvuta pumzi, pumzika kwa amani.