Wasifu wa Eveline Kalinga, Fundi wa Bodi, na Kisanduku Ambacho Hakijarudi

Ndugu waombolezaji, dada yetu Eveline Anania Kalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1986, Ipogolo, Iringa, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Anania Kalinga, fundi mwashi, na Mama Rozalia. Kwa Mzee hapakuwa na mtoto wa kukaa bure. Sisi watoto wote tulibeba saruji. Neno lake lilikuwa moja: “Jiwe likiwa zito, liongezee saruji.” Eveline alilishika neno hilo, na baadaye likaja kumtokea puani.

Alisoma shule ya msingi palepale Ipogolo na sekondari Mufindi. Mwaka 2009 alihitimu stashahada ya elektroniki jijini Mbeya, akabaki hukohuko.

Alianza kwa kutengeneza redio na simu Mwanjelwa, kwenye meza ya kukodi. Mikono alikuwa nayo, ila kupatana bei hakujua. Mteja akinuna tu, anashusha. Nilimwambia, “Eve, kununa ndiyo kazi ya mteja.” Akacheka, akashusha tena.

Tarehe 5 Oktoba 2013 alifunga ndoa na shemeji yetu Ambokile Mwangomo, katika Kanisa la Kilutheri, Uyole. Walijaliwa Bupe na Lugano.

Mwaka 2019 alifungua karakana yake hapa Uyole, akawa anaunda bodi za umeme za kuzima pampu maji yanapokwisha mferejini, kila moja ndani ya kisanduku chake cha bati. Nieleze kidogo, maana wengi mmeuliza. Bodi ina pande mbili. Upande wa kwanza unapakwa lehemu laini, mithili ya dawa ya meno, vipande vinapangwa juu yake, bodi inaingia oveni. Kisha inageuzwa ili upande wa pili nao upite motoni. Hapo vile vya kwanza vinaning'inia kichwa chini, na lehemu yao imeyeyuka tena. Vyepesi havidondoki, kama tone la maji chini ya bati. Koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa, ni nzito. Eveline alipoona inalegea, alifanya kama mtoto wa mwashi: akaongeza lehemu. Lakini lehemu iliyoyeyuka si saruji. Kinachobeba uzito ni upana wa mahali inaposhika, si unene wake. Ikizidi, kipande kinaelea na kuteleza. Koili zilitoka oveni zikionekana nzima, kumbe zimeshika upande mmoja tu.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi. Novemba, koili ya Obeid, mkulima wa Madibira, ilidondoka ndani ya kisanduku chake, ikapitisha umeme kwenye bati. Alipokigusa, umeme ulimrusha. Alipona, ila mkono wake wa kushoto haujanyooka mpaka leo.

Dawa ya bodi ilikuwa ndogo: koili ihamie upande unaopita oveni mwisho, isining'inie kamwe. Alihamisha mara moja. Lakini zilizokwisha kuuzwa je? Daktari alimtaka apumzike. Shemeji akamsihi, “Mama Bupe, utakufa njiani.”

“Baba Bupe, mimi nina daktari. Wale wenye visanduku wana nani?”

Akazunguka mashambani, kati ya matibabu na matibabu, akikusanya kimoja kimoja. Mwisho akafika Nyololo, kwa Tadeo, muuza vifaa, ambaye alikuwa ameuza dukani kwake kimoja kilichobaki.

“Tadeo, ulimuuzia nani?”

“Dada, mama wa watu alishuka kwenye basi, akalipa, akapanda. Ningemuuliza na ukoo?”

“Basi la kwenda wapi?”

“La kwenda. Sikuangalia.”

Hakumlaumu. Alirudi nyumbani, na hakupata tena nguvu ya kusafiri. Kila aliyekuja kumwona hospitalini aliulizwa kwanza kama amesikia habari za kisanduku. Alifariki Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, hapa Mbeya, bila jibu. Sitawadanganya kwamba aliondoka na moyo mtulivu.

Ameacha mume, Ambokile, watoto, Bupe na Lugano, mama, Rozalia, nasi ndugu zake, Dastan ninayesoma, Devota na Sedekia.

Mmetoka Iringa, Mufindi, Mbarali na milimani huku, nanyi mtarudi huko. Kisanduku ni cha bati la kijivu, mfuniko wa kijani, herufi E.K. chini yake. Kilinunuliwa Nyololo, Agosti 2024. Ukikiona kwa mtu, asikiguse. Azime umeme kwenye swichi kubwa, atutafute. Tutakifuata sisi, naye atapewa kipya.

Bwana ampe dada yetu pumziko ambalo sisi hatukuweza kumpa. Nasi tuendelee kutafuta.