Mayu Mektilda Mboje: Fungua Kifuniko, Soma, Ndipo Umimine

Ijumaa tarehe 1 Agosti 2025, saa nane mchana, zamu ya asubuhi itakapokabidhi pampu, Bi. Mektilda Mboje atatundika ovaroli lake kwa mara ya mwisho. Atakuwa ametimiza umri wa miaka sitini, na miaka thelathini na moja ya kuwamiminia mafuta watu wa Bariadi na wote wapitao. Hapa sheli hakuna amwitaye Bi. Mektilda isipokuwa fomu za pensheni. Sisi wote, hata Mkurugenzi wetu Bwana Mayunga, tunamwita Mayu, kama Msukuma anavyomwita mama yake.

Mayu alizaliwa Sola, wilayani Maswa, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Alipoajiriwa mwaka 1994, mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa, barua za kiofisi zikienda Shinyanga, na pampu yetu pekee ilizungushwa kwa mkono. Dereva mmoja wa lori la pamba alimwona, akacheka kwamba siku hizi wanawake wanapewa kazi za wanaume. Mayu hakubishana. Alimwachia mpini, akamkaribisha aoneshe mfano. Jamaa alifika lita ya ishirini akaomba maji ya kunywa! Mayu akamalizia zilizobaki huku akimwuliza habari za nyumbani, mifugo na watoto, mpaka majina yao.

Ndivyo alivyo hadi leo. Ukifika asubuhi bila kusema mwangaluka, utasubiri. Gari lako liwe la serikali, la mganga au la nani, salamu kwanza, mafuta baadaye.

Jina lake lilivuma zaidi mwaka 2016, sheli yetu ilipowekewa pampu nyekundu. Ya kijani ilibaki na petroli yetu ya kawaida, oktani tisini na tano. Nyekundu ikawa ya tisini na nane, kwa ajili ya magari yenye turbo yaliyokuwa yameanza kuingia mjini. Sisi wengine tungejua nini? Tuliambiwa ya kijani ni ya kawaida na nyekundu ni ya juu, basi, tukatosheka. Mayu hakutosheka. Alichukua likizo yake, akapanda basi hadi Mwanza, akakaa siku nne kwenye gereji ya fundi aliyemfahamu, akarudi na daftari lililojaa michoro na madoa ya oili.

Kutoka kwenye daftari hilo tulijifunza kwamba oktani si nguvu, ni uvumilivu. Injini ya turbo hushindiliwa hewa nyingi, na petroli hubanwa humo kwelikweli. Petroli yenye oktani ndogo kuliko inavyotakiwa hushindwa kuvumilia, ikalipuka kabla ya zamu yake, kama mgeni anayemega ugali mwenye nyumba hajanawa mikono. Hapo injini huanza kugonga. Ukipuuza, ikaendelea kugonga, pistoni hutoboka na gari linalala. Petroli yenye oktani kubwa husubiri cheche iwake ndipo nayo iwake.

Na somo lilikuwa na upande wa pili, ambao ulitutoa jasho zaidi. Msimu wa pamba ulipochanganya, kila mtu alitaka nyekundu. Wenye bodaboda waliitaka, wenye mashine za kusaga waliitaka. Mzee Maduhu alikuja na pikipiki yake kuukuu, imefungwa waya hapa na pale, akaagiza ijazwe nyekundu ili ipande mlima na magunia mawili. Mayu alimkatalia kabisa. Alimweleza kwamba injini isiyobana sana haina la kufanya na uvumilivu wote huo, ni sawa na kumvalisha ng'ombe viatu. Mzee aliondoka amenuna, akisema sheli hii ina dharau. Wiki iliyofuata akarudi na jogoo mkubwa amemfunga kwenye usukani. Alikuwa amejaza nyekundu kwingine, pikipiki ikagoma vilevile kwenye mlima uleule. Jogoo alikuwa wa Mayu, ila sote tulikula mchuzi.

Kwa hiyo Mayu alituwekea sheria moja, na aliisimamia kuliko mwenye sheli mwenyewe: fungua kifuniko, soma, ndipo umimine. Kila gari lina maandishi ndani ya kifuniko cha tenki. Mengine ni ya Kijapani, na Mayu aliyachora daftarini, yanayodai mafuta ya juu na yasiyodai, akatukaririsha mpaka tukayatambua kama sura za jirani. Usiangalie ukubwa wa gari, usisikilize majigambo ya dereva. Ole wako Mayu akushike mkono kwenye pampu hujasoma!

Hapa mwandishi wa wasifu huu, unaochapwa kwenye ratiba ya kumuaga Mayu, anaomba radhi kidogo, kwa sababu sasa anafika mahali anapopaogopa.

Wafanyakazi wa sheli hii wanajua mila yetu. Mtu anapostaafu, karani husoma faili lake lote mbele ya wageni, kuanzia barua ya ajira. Pongezi zinasomwa na maonyo yanasomwa. Bwana Mayunga huamini kwamba mtu aagwe akiwa mzima, asiagwe nusu. Ijumaa watakuwepo wanawe Mayu, wajukuu, padre wa parokia yake, na ndugu wa Sola watakaokodi gari zima. Katika faili la Mayu kuna barua nyingi za kumsifu. Kuna pia barua moja ya onyo, ya Agosti 2022, kwamba kwa uzembe alijaza mafuta yasiyofaa kwenye gari la mteja. Mwaka huo ilimnyima cheo cha mfanyakazi bora, ambacho sote tulijua ni chake.

Siyo yeye aliyejaza. Ni mimi.

Nilikuwa na miezi miwili kazini (ya mwaka 2016 na ya jogoo nimesimuliwa tu), bado niko kwenye majaribio. Ilikuwa Jumamosi, malori ya pamba yamejipanga hadi barabarani, honi juu ya honi. Akaingia Bwana Shigela na gari lake la bluu la turbo, ambalo fundi alikuwa ameliongezea pumzi zaidi. Alikuwa amevaa suti na ua kifuani, anakwenda kufunga ndoa yake Malampaka, na anaendesha mwenyewe kwa sababu hakuna binadamu aliyeruhusiwa kugusa usukani ule. Akasema jaza tenki, haraka. Nilifungua kifuniko. Kibandiko kilikuwepo, kimeandikwa tisini na nane kwa tarakimu kubwa ambazo hata kipofu angezipapasa. Sikusoma. Nilikuwa nimesimama kwenye pampu ya kijani, mpira ulikuwa mkononi, nikajaza.

Bwana Shigela alikanyaga mafuta kama bwana harusi aliyechelewa, na kweli alikuwa amechelewa. Kabla ya kufika Maswa injini ikaanza kugonga, taa ikawaka, nguvu zikakata. Akaegesha kando ya barabara, akampigia Mkurugenzi, na maneno aliyomwambia hayafai kwenye ratiba ya sherehe.

Mkurugenzi alitoka ofisini ametunisha mishipa, akauliza ni nani aliyejaza gari la Shigela, maana huyo akafungashe virago saa hiyohiyo. Nakiri, sikujitokeza. Mayu alikuwa pampu ya tatu, ile ya dizeli, anahudumia lori. Hakugeuza hata shingo. Alisema ni yeye, akaomba pikapu na dereva, kwa kuwa bibi harusi alikuwa anasubiri.

Akampigia simu bwana harusi, akamwamuru azime injini na asiiguse. Akapakia madumu ya chuma ya petroli nyekundu, akaondoka na dereva wetu Luhaga. Huko kando ya barabara alinyonya kwa mpira sehemu kubwa ya mafuta niliyoyatia, akamimina ya tisini na nane, akamwonya Bwana Shigela aende polepole, asiamshe turbo hata akipitwa na baiskeli. Kisha akamfuata kwa nyuma kwa pikapu hadi mlangoni mwa kanisa, ahakikishe.

Walichelewa kwa saa mbili. Bibi harusi, Lukresia, alikuwa amevua viatu, amekaa ngazini anatafuna karanga na wapambe wake, na alipoona gari linaingia kwa mwendo wa kobe akacheka mpaka shela ikamwanguka. Shangazi zake walimvuta Mayu ndani. Kwenye picha ya harusi yumo, katikati ya shangazi wawili, na ovaroli la sheli na madoa yake. Bwana Shigela ni mteja wetu hadi leo, na gari lile la bluu bado linaunguruma.

Mkurugenzi hakumfukuza mtu mwenye miaka ishirini na nane ya kazi. Alimpa onyo la maandishi. Jioni nilimfuata Mayu nyuma ya stoo nikilia, nikasema kesho naenda kusema ukweli. Akanipa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, nitafune, akanieleza kwamba onyo kwake ni karatasi moja ndani ya faili nene, kwangu lingekuwa faili zima. Akaniambia deni langu ni kufungua vifuniko na kuvisoma. Tangu siku hiyo nimevisoma, vyote, hata vya matrekta. Lakini kusema sikusema. Miaka mitatu nimenyamaza, na kwa hilo naona aibu, Mayu, naona aibu sana. Wewe ulinibeba mbele ya watu, mimi nikashindwa kukutua.

Lakini kumsikia karani akisoma uzembe wangu kwa jina lako, mbele ya wajukuu zako, hapana. Ndiyo maana niliomba niuandike wasifu huu mimi.

Kama kawaida, rasimu ilipita mezani kwa Bwana Mayunga. Niliiweka pale Jumatatu, nikaenda kukaa na mkoba wangu tayari magotini. Jumanne ilirudi bila kukatwa mstari hata mmoja. Juu ameandika kwa mkono wake: isomwe yote. Ndani amebana barua mbili. Ya kwanza ni onyo la Mayu, limetolewa kwenye faili, nami nimeagizwa nimkabidhi mwenyewe aichane au akawashie jiko, mradi si hapa sheli. Ya pili ni mpya. Ni onyo lilelile, neno kwa neno, lakini jina ni Violeth Machibya. Nimeisaini kwa furaha ambayo sidhani kama kuna mtu aliwahi kusaini nayo onyo.

Kwa hiyo Ijumaa faili la Mayu litasomwa mwanzo hadi mwisho, na hakuna atakayeinamisha kichwa.

Mayu, wabeja sana, asante sana, kwa niaba ya wote uliowasomea vifuniko, na zaidi kwa niaba yangu. Nenda Sola ukafuge kuku wako na kulima pamba, ukawasumbue majirani kwa salamu. Mimi nina miaka ishirini na sita; nitastaafu mwaka 2059, na siku hiyo karani atasoma faili langu lote. Tunakutakia afya njema na maisha marefu, yafike huko, maana onyo langu litakaposomwa nataka uwe umekaa mstari wa mbele.

Violeth Machibya
Kiongozi wa zamu ya asubuhi