Msimuulize Tena Kama Anajuta

Zimeni hiyo televisheni, wanangu, mje upande huu wa kitanda ambako jicho langu bado linaona. Fundi, mwanangu wa kwanza, usisimame mlangoni kama mgeni aliyekuja kuulizia njia, ingia ndani ukae. Binti yangu, niinue kidogo, huo mto usukume mgongoni, ee, hapo hapo. Na wewe kitindamimba wangu, unayeitwa Bingwa na watu ambao hawajawahi kukufulia nguo, baki hapo dirishani, ila usinitazame kwa macho hayo, sijafa bado. Wajukuu nao wasitoke. Ugomvi huu msipouzika pamoja na mimi, wao ndio watakaoubeba, na wala hawataujua ulianzia wapi.

Daktari alimwambia dada yenu hapo barazani, akidhani nimelala, "Mama ajiandae." Nijiandae kwenda wapi, na mimi hata viatu mmeshanivua? Cheka, binti yangu. Nimesema ucheke.

Mali kwanza, tuimalize upesi. Nyumba hii ni ya binti yangu aliyeniosha na kunigeuza kitandani, na asije mtu akafungua mdomo kumwambia kwamba mtoto wa kike ana kwao kwingine. Cherehani achukue mjukuu wangu mkubwa, yule mwenye mkono mwepesi, lakini aitie mafuta, maana mashine ile ikikaa kavu hulalamika kuliko mimi. Vyombo mgawane bila kelele. Gereji ya marehemu baba yenu, hiyo hapo nyuma ya ukuta, ni ya Fundi na Bingwa, wote wawili kwa pamoja, na hapo ndipo penye mwiba, ndipo nilipowaitia.

Maana Fundi ameapa. Aliapa sebuleni mbele yangu, mkono juu: "Mama, sitamtamkia neno mpaka aseme anajuta kuhama timu yetu." Na kwa kiapo, mtoto huyu ni baba yake mtupu. Kwenye msiba wa shangazi yao walikaa meza moja, Fundi akamgeukia mpwa wake, "Mwambie huyo anisogezee chumvi." Chumvi iko pale, ndugu yake yuko pale, mkono wake mwenyewe mrefu kama ngazi, lakini neno lazima lizungukie kwa mtoto. Waombolezaji wakacheka chini chini. Mimi nilisukuma sahani yangu nikanyanyuka.

Wajukuu zangu, ninyi mlikuwa wadogo, ngojeni niwaeleze. Babu yenu alilijenga gari la mashindano humo gerejini, akafa kabla halijashinda hata mara moja. Akaacha wana wawili wa kiume, mmoja mwenye sikio na mmoja mwenye mguu. Fundi mkimtia kwenye usukani huendesha kama mtu aliyepakia mayai. Bingwa naye kufunga nati hajui mpaka leo, mpe spana ataishika kama kijiko. Lakini Fundi alikuwa akisimama ukingoni mwa uwanja, redio ya kuzungumza na dereva sikioni, gari linampita mbele yake vuuu, anafumba macho asikie matairi, anasema, "Ingia sasa." Bingwa anaingia pembeni, vijana wanabadilisha matairi, anatoka, na wenzake wote waliong'ang'ania barabarani wanaanza kuteleza kwenye kona kama waliomwagiwa sabuni. Hivyo ndivyo walivyochukua ubingwa, wakauchukua tena, na mji mzima ukatoka kuwapokea.

Nilikuwepo siku Bingwa alipouliza, nimeshika birika la chai ya vijana wa gereji: "Kaka, wewe hujuaje kwamba matairi yamekwisha?" Fundi hakuinua hata kichwa kutoka kwenye injini. "Wewe kanyaga mafuta, mengine niachie mimi. Ukianza kufikiri utatupeleka ukutani." Vijana wakacheka, na mimi nikacheka, na Bingwa akacheka kuliko wote. Basi hakujifunza. Dereva mwingine hulisikia tairi kwa makalio yake, hivyo ndivyo walivyonieleza baadaye, lakini huyu wangu alikuwa amekaa juu ya matairi miaka yote kama mtu anayekaa juu ya kiti cha watu, hajui kimetengenezwa na nini.

Kisha akaja yule Bwana Miwani wa ile timu kubwa. Mnamkumbuka? Alikaa kwenye kile kiti chetu kilicholegea mguu, akawa anazungumza huku amejibana, anaogopa kuegemea. Akasema wana magari mapya, wana wataalamu, wana uwanja wao wa mazoezi. Fundi akamwambia mdogo wake palepale, mbele ya mgeni, "Nenda basi, nenda ukaendeshe sofa la matajiri." Na huyu naye kwa ulimi wake, "Sofa likiwa na mbio, kaka, kwa nini nisiende?" Ulikuwa utani. Ulianza kama utani, naapa. Mpaka chai inapoa, Fundi alishatoka, na gerejini kulikuwa kunasikika nyundo tu.

Watu walisema amefuata pesa. Fundi anasema hivyo mpaka leo. Sasa nisikilize, Fundi, maana ndugu yako aliniomba nisikuambie, na mimi nimelinyamazia jambo hili, lakini kwenda nalo kaburini siwezi. Asubuhi ile anaondoka nilikuwa nampigia pasi mashati. Alikuja akakaa juu ya begi lake kama mtoto aliyekataa shule. Akasema, "Mama, watu wakiniita bingwa, mimi huwa namtazama kaka. Nataka kujua kama ni mimi." Basi. Hakusema pesa, hakusema kukudharau. Alitaka kujua kama ni yeye. Nikamwambia, na ukishajua? Akanyanyua begi.

Na akajua.

Jumapili ile ya mashindano, mchana, Fundi, ulikuja hapa ukasema umekuja kutengeneza bomba la jikoni. Bomba halikuwa na shida yoyote. Ulisimama nyuma ya kiti changu, spana mkononi, ukijifanya hutazami. Kwenye televisheni walikuwa wanaachia sauti za redio za madereva, na tukamsikia mtaalamu wake akimuuliza kwa adabu kabisa, "Matairi yakoje? Uamuzi ni wako." Gari linazunguka. Akaulizwa tena. Ndipo tukamsikia kitindamimba wangu, kwa sauti ya usingizini, "Nasubiri." Yule mtu akashangaa, "Unasubiri nini?" Na hakuna kosa la yule mtu, wanangu, msije mkawalaumu wale. Wao walimuuliza dereva jambo ambalo kila dereva analijua. Ni huyu wetu tu duniani kote aliyekuwa anasubiri kuambiwa.

Na wewe ukapaza sauti nyuma yangu, "Ingia! Ingia sasa, mpumbavu wee, ingia!" Unaiambia televisheni. Gari likaipita njia ya kuingilia, likaenda, na kwenye kona ile ndefu tairi la mbele likapasuka, gari likaenda ukutani. Spana ilikudondoka mkononi, ikapasua kigae cha sakafu, nami sikutaka kibadilishwe.

Hospitali ulikuja, usikatae. Ulisimama kwenye korido siku nzima, umeegemea ukuta, na chumbani hukuingia kwa sababu ya kiapo. Mimi nilikuwa ndani, nimeshika ule mkono wake wa kulia ambao haufungi tena, naye akaniambia, "Sasa najua, mama." Hakulia. Afadhali angelia. Na siku aliyotoka, yule mwandishi wa habari akamsogezea kipaza sauti getini, "Bingwa, unajuta kuhama timu?" Akajibu, "Hapana. Ningerudi nyuma, ningehama tena." Wewe ulisikia hapa hapa, ukainuka, chai ukaiacha.

Lakini Fundi, mwanangu, hebu na wewe jitazame. Ulimweka dereva mwingine kwenye gari la baba yako, mtu hodari, ametoka mbali na sifa zake. Ukimwambia ingia, anakujibu, "Bado, matairi yana nguvu." Mnabishana redioni kama wanandoa. Mlimaliza nyuma ya wote, msimu mzima. Gari ukaliuza vipande vipande, na leo unatengeneza magari ya watu ya kubebea mizigo, na ukimaliza unakaa juu ya tairi bovu, unautazama ukuta. Nilikuwa nakuona kutoka dirisha la jikoni. Na wewe pia ulijua.

Kwa hiyo unangoja aseme nini? Ajute vipi? Akijuta atakuwa amekuongopea, maana alichokwenda kukitafuta alikipata, ingawa kimemvunja. Na hata angelisema hilo neno sasa hivi, ungelifanyia nini? Ungelitia mafuta litembee? Gari halipo. Mkono haushiki tena. Timu imebaki picha ukutani. Hakuna cha kurudia, wanangu, hakuna. Nimelala hapa usiku na mchana nikitafuta mahali pa kushika, sijapaona.

Na wewe, Bingwa, usifurahi hapo dirishani. Hujuti, sawa. Lakini kumkumbuka mtu ni kitu kingine, na hilo hujawahi kulisema. Siku zote unakuja kunisalimia, unachelewesha kuondoka, unauliza, "Kaka amefungua gereji leo?" Unaniuliza mimi! Ukuta wenyewe ni matofali matupu, angekusikia. Ungesema tu, kaka, nimekukumbuka. Kinywa chako nacho kilivunjika?

Nipe maji, binti yangu. Kidogo. Basi.

Nizikeni kando ya baba yenu. Asisimame mtu kuhutubia kwamba huyu alikuwa mama wa bingwa, mimi nilikuwa mama wa watatu. Jeneza walibebe hawa wawili mbele, Fundi kushoto, na wewe mwenye mkono mmoja mzima, kulia, ubebe kwa bega. Mkishindwa kubeba pamoja, waacheni majirani wanibebe, nitajua. Gereji nawapa msimu mmoja. Msipoweza kukaa humo ndani wawili, hata kwa kunyamaza, dada yenu aibomoe aiuze kiwanja, mgeni ajenge duka. Nisiache kitu duniani kinachosimama kati yenu. Umesikia, binti yangu? Usimwonee mtu huruma, bomoa.

Na msimuulize tena kama anajuta. Mwandishi asiulize, mpwa asiulize, jirani asiulize. Wewe Fundi, usiulize kabisa.

Sogeeni. Wajukuu, vichwa hapa... hapa, mkono wangu haufiki mbali. Mungu awape watu wa kukaa nao. Mungu awape... Binti yangu, wewe Mungu akupumzishe. Bingwa, nimekubariki jinsi ulivyo, na kiburi chako. Fundi, na wewe. Kiapo chako nakivua, mimi niliyekisikia, nakivua... hakipo tena. Umwambie ndugu yako neno. Lolote. Mwambie asogee, mwambie afunge dirisha, baridi... lolote.

Naona midomo inacheza. Ni wewe Fundi, au ni nani huyo? Sauti hainifikii. Masikio nayo yameanza kwenda... Binti yangu, njoo karibu, niambie.

Amesema?

Binti yangu. Amesema?